Kola za Mama Samahani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijaieleza shida yenyewe nakuomba usome mpaka mwisho ndipo unihukumu, maana mimi mwenyewe nimeshajihukumu vya kutosha, chakula hakipandi, na nikisikia cherehani inalia moyo unaruka kama mtu aliyeitwa polisi.

Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba lakini mkono wangu Mungu ameubariki na duka langu halikosi nguo ya kushona. Viongozi wetu wa ibada waliniomba niwafundishe ushonaji watu wazima wanaotaka ujuzi, jioni wakitoka kazini, kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi, chumba cha dirisha moja na mashine chache za kukanyaga ambazo watu walizitoa sadaka, na mojawapo inalia kama mbuzi ukiikanyaga kwa haraka. Nilikubali kwa moyo wote, nikidhani ukijua kushona basi umeshajua kufundisha kushona. Sikujua kwamba mtu mzima akikaa kwenye kiti cha mwanafunzi hakai peke yake, amepakata watu mapajani, yuko mwalimu aliyemwita kichwa maji akiwa mtoto, yuko shemeji aliyesema huyu hafiki popote, yuko bosi anayemfokea mbele ya wageni, wote anao hapo kitini, na hapo hapo unamwambia avute uzi taratibu.

Wiki za kwanza nilifundisha nilivyofundishwa mimi, yaani mshono ukipinda unainuliwa juu wenzako wauone. Basi kulikuwa na mama mmoja, mpishi wa kantini, aliunganisha mkono wa blauzi ndani nje, nikauinua, na mmoja wao akasema, "Huo mkono au mkonga wa tembo?" Watu wakacheka, na yule mpishi akacheka kuliko wote. Kisha akaukunja ule mkono wa blauzi vizuri, akautia mkobani, akaaga kwa adabu zote, na hakurudi tena. Nilimfuata kantini kwake. Akanimiminia chai akaniambia, "Mwalimu, mimi na mashine damu zetu haziendani, niache na sufuria zangu." Kile kiti chake kilichobaki kitupu kilinitazama jioni baada ya jioni, nikaapa mbele ya Mungu kwamba hakuna mwingine atakayetoka chumbani mwangu na aibu.

Akaja mgeni mmoja kutuhutubia, akasema mtu mzima anayejifunza asiambiwe amekosea, atiwe moyo tu, akili yake imwambie naweza naye ataweza. Maneno yale yaliniingia kama maji kwenye mchanga. Nikaandika NAWEZA ukutani kwa chaki ya kukatia, na kila tukianza tunaitamka pamoja, na mwanafunzi wangu mmoja, mzee aliyekuwa mlinzi wa geti na sisi wote tunamwita Mlinzi, huitamka amesimama wima kana kwamba ameitwa jina lake kwenye gwaride.

Sasa mshauri, nije kwa huyu ninayeandika barua hii kwa ajili yake. Ni mama wa umri wangu, anafagia na kupiga deki kwenye jengo la ofisi, na Mlinzi ndiye aliyempa jina la Mama Samahani kwa sababu akiingia anaomba samahani, akikaa anakiomba kiti samahani, na uzi ukikatika anauomba uzi radhi kama amemkanyaga mtu. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, kichwa changu mimi ni kizito, usinipotezee muda wako, waangalie wenzangu kwanza." Alianzia mifuko, maana wiki zile ndiyo tulikuwa tunashona mifuko ya shati, na huyo mama alishona akafumua, akashona akafumua, kitambaa kikaota vishimo kama chujio, mpaka mfuko ukakaa. Lakini tulipofika kwenye kola mambo yakaharibika. Kola ya kwanza ncha moja ilichongoka vizuri na ya pili ikawa butu kama kidole gumba, na kitambaa kigumu cha ndani kikajikunja. Aliigeuza mikononi, akasema, "Samahani mwalimu, kesho sitakuja."

Nikakiona kile kiti kitupu. Nikamwambia iache hapa, kesho tutaiangalia. Walipoondoka nikachukua wembe, nikaifumua ile kola, nikaishona upya, nikaipiga pasi, nikairudisha kwenye mfuko wake wa plastiki unaoning'inia kwenye msumari. Kesho yake alikuja kuchukua vitu vyake tu, hata hakukaa. Nikamwambia hebu kwanza tazama kazi yako ya jana, jana ulikuwa umechoka ndiyo maana hukuiona vizuri. Akaitoa, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Hii ni mimi?" Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Ni nani mwingine?"

Alikaa chini, mshauri. Akashona.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yangu. Wakiondoka nafunga mlango kwa komeo, napitia mfuko mmoja mmoja wa plastiki pale msumarini, panapovuta nalegeza, palipopinda nanyoosha, siyo yake tu bali hata ya wenzake, ila yake ndiyo nyingi, na kola zake zote, nasema zote, zimepita kwenye wembe wangu. Nilijiambia ni upendo. Nilikuwa naomba kabisa kabla sijaanza kufumua, namwomba Mungu anifichie. Na matunda niliyaona kwa macho, yule mama alianza kuinua uso, akaanza kuingia na kusema habari za jioni badala ya samahani, akaanza hata kumtania Mlinzi kwamba mshono wake unatembea kama mlevi, na mtu mmoja wa nyumbani kwake alinisimamisha njiani akanishukuru, akasema, "Sijui umempa dawa gani, siku hizi akisemeshwa anajibu."

Mlinzi peke yake ndiye ananitia wasiwasi. Juzi juzi alikuwa anautazama mshono wake wa ubavuni, akauzungusha, akauzungusha tena, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, hivi hii mashine yangu inashona nikiwa sipo?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia mzee una utani. Akasema, "Mimi nimekaa getini maisha yangu yote, mtu akipita najua, hata akipita kwa ncha za vidole." Kisha akaendelea kukanyaga mashine yake, na kesho yake alikuja kama kawaida na akanisalimia vizuri tu, na mimi jasho linanitoka.

Sasa maji yamefika shingoni. Mama Samahani, bila kuniambia, alichukua shati alilolishona akalipeleka kwenye karakana moja inayoshona sare. Msimamizi akaigeuza kola, akaikunja, akaikunjua, akamwambia kola hii imetulia, njoo mwisho wa mwezi ushone shati zima mbele yangu, ukifaulu una kiti. Alikuja mbio kunieleza, amesahau hata kuvua aproni ya kazi, akanikumbatia, akasema, "Mwalimu, nimeshamwambia bosi wa ofisini mwisho wa mwezi atafute mtu wa kunipokea ndoo, na nimemwambia bila kusema samahani hata moja." Nikacheka, nikalia, akadhani ni furaha.

Ile kola ni yangu, mshauri. Msimamizi amesifu mkono wangu. Huyu mama atakaa pale peke yake, hakuna msumari wa kutundikia mfuko mpaka kesho, hakuna mwalimu wa kubaki nyuma na wembe, kuna mtu amesimama amefunga mikono anatazama, na ile ncha ya pili itatoka butu kama kidole gumba. Mifuko yake ya shati sijawahi kuigusa, hiyo anaitoa safi mwenyewe, lakini nani anaajiriwa kwa mfuko?

Nilimweleza mume wangu, yeye ni mwashi, mtu wa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Umemvika mwenzio kilemba cha ukoka, na sasa anaondoka nacho kwenda sokoni." Nikamwambia nisaidie basi nifanye nini. Akasema, "Mimi ukuta ukipinda naubomoa saruji ikiwa mbichi. Wewe umeupaka rangi." Akaendelea kula, na mimi nikainuka mezani.

Nikimwambia ukweli nitakuwa nimempokonya kitu pekee alichokipata katika umri huu, atainamisha uso wake, atarudi kwenye ndoo yake na safari hii hatainuka tena, na nitakuwa ni mimi niliyemthibitishia kwamba wale wote waliomwita kichwa kizito walisema kweli. Nikinyamaza, ataaibika mbele ya mtu asiyemjua, na kazi ya ofisini ameshaiaga. Nimewaza hata kumwendea yule msimamizi, tunajuana kidogo, nimwombe amwonee huruma siku hiyo. Nimewaza kumwambia aahirishe, nisingizie mashine zao ni za umeme atazishindwa. Naomba sana, najibiwa kimya. Kila akiniambia "mwalimu niombee", naitikia amina na ulimi unakuwa mzito.

Nisaidie kabla mwezi haujaisha. Nisije nikaua mtu kwa huruma.

Ni mimi fundi niliyejikata kwa wembe wangu mwenyewe.

*

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, na nimeitoa chini ya rundo kwa sababu mwezi hausubiri.

Kwanza pole. Nasema pole na ninaimaanisha, maana wapo walimu wanaowakanyaga watu wazima kila siku na wanalala usingizi wa pono, na wewe uliyetaka kuwainua ndiye huli. Lakini pole imeishia hapo, sasa tusemezane.

Unasema ulikuwa unamfichia aibu. Aibu ya nani? Soma tena barua yako mwenyewe. Kinachokukosesha raha tangu mwanzo mpaka mwisho ni kile kiti kitupu cha mpishi. Uliogopa kubaki tena na kiti kitupu, basi kila jioni ukawa unajaza kiti kwa wembe. Mama wa watu alikuuliza swali la kweli, "Hii ni mimi?" Labda ni swali alilolibeba tangu utotoni. Nawe ulimjibu uongo, ukaupiga na pasi. Mume wako anazungumza kidogo lakini amekushinda kwa mbali, na ningekuwa wewe ningerudi mezani nikamalizia chakula.

Na tafadhali acha kumwomba Mungu akufichie. Uliomba kabla ya kufumua na unaomba baada ya kufumua, halafu unalalamika kwamba unajibiwa kimya. Kimya hicho ni jibu, dada. Ulikuwa unataka mshirika wa uongo wako.

Msimamizi usimwendee. Ukimwendea utakuwa umefumua kola nyingine tena, safari hii ya maisha ya mwenzio. Uongo wa mashine za umeme pia uutupe. Mama huyu ameingia peke yake kwenye karakana ya watu wasiomjua, akatoa shati mfukoni, akasema nimeshona mimi. Ujasiri huo hukumshonea wewe. Miguu ilikuwa yake. Sasa usiifunge kamba.

Tuje kwenye jambo ulilolipita kama mtu anayepita jirani bila salamu. Umeandika kwamba mifuko yake hujawahi kuigusa. Umeandika pia kwamba mifuko ndiyo aliyoianza kabla hujaanza mchezo wako, na kwamba alishona akafumua mpaka kitambaa kikawa chujio. Fundi mzima, umeyaandika yote mawili kwa mkono wako na hukuyaona yamekaa pamoja? Mifuko anaijua kwa sababu aliiharibu mwenyewe, akaiona imeharibika, akaitengeneza mwenyewe. Kola haijui kwa sababu hukumwacha aiharibu mara ya pili. Kila kola mbovu aliyoishona ilikuwa somo lake, nawe ulibaki nyuma kila jioni ukalisoma wewe. Ndiyo maana kola zako wewe zinazidi kuwa nzuri.

Kwa hiyo hana kichwa kizito, na ushahidi unao, umetundikwa kwenye msumari. Usiende kwake ukiwa umekunja uso kama unayepeleka habari ya msiba. Nenda na mifuko yake.

Fanya hivi, na ufanye kesho, si keshokutwa. Mwite mapema kabla wenzake hawajafika. Usimwite pembeni mbele yao, maana atadhani amekosa. Mwekee mezani mfuko wa shati alioushona yeye na kola uliyoishona wewe. Mwambie kwa maneno mafupi: huu ni wako, hii ni yangu, nilikudanganya, niliogopa utaondoka. Usianze na historia ya fundi aliyekufundisha wala ya mgeni aliyewahutubia. Usilie, kwa sababu ukilia ataacha mambo yake aanze kukubembeleza wewe, na huyo mama amebembeleza watu vya kutosha. Kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike, hasira ya mtu aliyekuwa anakiomba kiti samahani ni kitu cha kukipokea kwa mikono miwili. Akitoka nje, mwache atoke. Usimkimbilie kama ulivyomkimbilia mpishi. Huyu anayo sababu ya kurudi, yule wa kwanza hakuwa nayo.

Akirudi, mpe wembe. Nasema wembe, kabla ya kitambaa. Kaa kando yake, kalia mikono yako ikibidi, ashone kola mbovu, aione, aifumue yeye, aishone tena. Ukiona ncha inatoka butu usiseme safi, na usiinue juu watu waone, kati ya hayo mawili pana nafasi kubwa sana ya kukaa na hujawahi kuijaribu. Muulize tu, "Wewe unaionaje?" Mtu mzima akiulizwa hivyo kwa heshima, mara nyingi kosa analiona kabla yako. Nawe shona yako hapo hapo, uharibu, ufumue akiona. Nina hakika hawa watu hawajawahi kumwona mwalimu wao akifumua chochote, na ndiyo maana wanadhani kufumua ni dalili ya ujinga, kumbe mafundi wote duniani wana wembe mezani.

Kuhusu kazi ya ofisini, huo ni uamuzi wake na si wako, lakini hawezi kuamua gizani. Akishaujua ukweli anaweza kumwomba bosi wake amngoje kidogo, anaweza kumwomba msimamizi amsogezee siku, anaweza kwenda vilevile alivyo na kukaa kwenye ile mashine. Anaweza hata kushindwa. Umenisikia? Anaweza kushindwa, na akishindwa kwa kola yake mwenyewe atajua pa kurekebisha. Akishindwa kwa kola yako hatajua hata kilichompata, atajua tu kwamba mikono yake ilimsaliti mbele za watu.

Halafu waambie na wengine, wote pamoja, siku hiyo hiyo jioni. Hilo halitakuwa gumu unavyodhani. Mlinzi amejua siku nyingi, na amekuwa akija, akikusalimia, akikanyaga mashine yake. Ulikuwa unahofu kwamba mtu akijua mshono si wake ataondoka. Kuna mtu anajua, na hajaondoka. Ukutani liache lile neno lenu, halina kosa, ila msilitamke mkianza tu. Mlitamke baada ya kufumua, hapo ndipo lina kazi.

Ukipata nafasi pitia kantini. Usimwambie mpishi arudi. Mwambie kile kicheko kilikuwa kibaya na ulikuwemo, unywe chai, uondoke.

Nimebakisha moja. Ukimweleza Mama Samahani, nakuhakikishia kitu cha kwanza kitakachomtoka mdomoni, kwa mazoea ya miaka, kitakuwa ni kukuomba wewe msamaha kwa kukusumbua. Mkatize hapo hapo. Mwambie akae, safari hii samahani ni yako, na umpe nafasi ya kuikubali au kuikataa.